Jahazi Lililokatika Katikati ya Skrini

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wawili tunaandaa onyesho la video kuhusu mafundi wa majahazi wa Nungwi. Tuna televisheni tatu tulizozipanga ubavu kwa ubavu, na kila moja inapokea picha kutoka kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye faili lake la dakika sita. Jahazi linaingia kwenye skrini ya kushoto na kutokea ya kulia. Tunaziwasha kompyuta zote kwa swichi moja ya ukutani. Asubuhi zinakwenda vizuri, lakini ikifika adhuhuri omo, yaani sehemu ya mbele ya jahazi, inatokeza kwenye skrini ya pili kabla haijatoka ya kwanza. Tena, filamu inapojirudia skrini huwa nyeusi kwa muda, na umeme ukikatika kuna kompyuta ambayo haiwaki tena mpaka tuiandikie kadi yake ya kumbukumbu upya. Tufanyeje? – Msomaji, Unguja.

JIBU: Ndugu msomaji, kompyuta zenu tatu huanza pamoja kwa bahati tu, kisha kila moja hushika njia yake, kwa kuwa hakuna kitu kinachoziunganisha. Kila moja ina fuwele yake ya kuhesabia muda, na fuwele mbili hazipigi sawasawa kabisa. Tuseme zinapishana kwa sehemu 20 katika milioni: kwa video ya fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, ambayo kila fremu yake hukaa milisekunde 40, kompyuta moja itaiacha nyingine kwa fremu moja baada ya dakika 33 hivi, na baada ya muda wa saa nane zitakuwa zimeachana kwa fremu 14, yaani zaidi ya nusu sekunde. Juu ya hayo, kila filamu inapofika mwisho, kila kompyuta hurudi mwanzo kwa muda wake yenyewe, na tofauti hizo ndogo hujilimbikiza mzunguko baada ya mzunguko. Naamini hapo ndipo jahazi lenu linapokatikia.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayotuonyesha njia. Katika dakika sita peke yake, fuwele hizo hupishana kwa milisekunde 7 tu, ambazo hazifiki hata robo ya fremu, na hakuna jicho litakaloziona. Kwa hiyo hamna haja ya kusahihisha mwendo filamu ikiwa inaendelea. Kinachotakiwa ni zote tatu zianze kila mzunguko kwa amri moja. Chagueni kompyuta moja iwe kiongozi na mbili zilizobaki ziwe wafuasi, na mziunganishe zote kwa waya kwenye swichi ndogo ya mtandao, yaani kifaa cha kuunganishia kompyuta, kila moja ikiwa na anwani yake isiyobadilika. Msitegemee Wi-Fi, kwa sababu ukumbi ukijaa watu na simu zao ujumbe huchelewa bila mpango. Intaneti haihitajiki kabisa.

Programu ya kuonyesha video iitwayo mpv inafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa inaweza kupokea amri kutoka kwenye skripti fupi iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python. Ipangeni ifungue faili, isimame kwenye fremu ya kwanza na kusubiri. Kila mfuasi amwarifu kiongozi kuwa yuko tayari, na kiongozi akishawapata wote wawili, atume ujumbe mmoja wa UDP (njia ya kutuma ujumbe kwenye mtandao bila kusubiri jibu) unaowafikia kwa pamoja, naye aanze papo hapo. Filamu ikiisha, mpv ibaki kwenye fremu ya mwisho bila kulifunga faili, irudi mwanzo na kusubiri amri nyingine. Weusi mnaouona unatokana na faili kufungwa na kufunguliwa tena. Lisipofungwa, weusi hautakuwepo. Kama mtaihariri filamu ianze na kuisha kwa bahari ile ile tupu, mtazamaji hatajua mzunguko umeishia wapi. Msijaribu kuzianzisha kwa kufuata saa ya kompyuta yenyewe, maana Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri, na bila intaneti haijui ni saa ngapi inapowaka.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau ni kasi ya skrini. Televisheni ikiwekwa kwenye 60 Hz, yaani kuonyesha picha mara 60 kwa sekunde, fremu 25 haziwezi kugawanyika sawa humo, hivyo nyingine huonyeshwa mara mbili na nyingine mara tatu, na tanga litakwenda kwa kushtukashtuka hata kama kompyuta zinalingana. Wekeni 50 Hz kwenye zote tatu, kila fremu ionekane mara mbili kamili, na mtumie tundu la HDMI lililo karibu na tundu la umeme.

Kuhusu umeme, kadi ya SD huharibika inapokatwa katikati ya kuandika. Mkishamaliza kila kitu, washeni mfumo wa faili wa overlay kupitia raspi-config, programu ya mipangilio ya Raspberry Pi, ili kadi isomwe tu isiandikwe, na hapo mnaweza kuzima kwenye swichi ya ukutani bila hofu. Chaja za simu ziacheni; tafuteni za volti 5 na ampea 3. Mkiona alama ya radi ya njano kwenye kona ya juu ya skrini, umeme hautoshi.

Kabla ya kufungua milango, tengenezeni faili la majaribio lenye namba kubwa inayobadilika kila fremu, mliendeshe kwenye skrini zote tatu, kisha mzirekodi kwa simu katika mwendo wa polepole. Namba zikipishana kwa kiasi kile kile kila mara, kasoro ni ya televisheni inayochelewesha picha, na mara nyingi kuiweka kwenye hali ya michezo ya kompyuta huondoa ucheleweshaji huo. Rudieni kipimo hicho jioni, baada ya saa nane za kuendesha bila kugusa kitu.