Jibu: Gari inachemka kwenye mlima wa Ngomo. Usikubali wang'oe termostati

Ndugu, umeandika kwamba Toyota Noah yako inatulia mjini Bukavu hata kwenye msongamano wa Nyawera, lakini ukitoka Uvira na abiria, ukishapita Kamanyola na kuanza kupanda Ngomo, mshale wa joto unaingia kwenye nyekundu. Fundi anataka kung'oa termostati, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda radiateri moteri ikipata moto. Mwambie asubiri.

Gari inayochemka ikisimama na kupoa ikitembea ina ugonjwa wa feni. Yako ni kinyume: inachemka ikibeba mzigo. Basi ama maji hayazunguki ya kutosha, ama presha haishikiki.

Anza na kifuniko cha radiateri. Ni cha bei ndogo, ndiyo maana hakuna anayekiangalia. Huku kwetu, kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 (ndiyo namba ya presha) kinayabana hadi yavumilie karibu 115. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, maji yanarudi kuchemka kwenye 95, na moteri nyingi zinafanya kazi kati ya 85 na 95 siku zote. Huna akiba tena, na mlima unamaliza kazi. Kifungue moteri ikiwa baridi kabisa, ukague mpira. Angalia pia chupa ya akiba: maji yaliyopanda wakati wa joto yanapaswa kurudi kwenye radiateri ikipoa. Asubuhi ukikuta chupa imejaa huku radiateri imepungua, au paipu ya juu imebonyea, vali ndogo ya kifuniko imekufa, au kipaipu cha chupa kina tundu. Nunua kifuniko chenye namba ileile. Ukiweka 1.1 mahali pa 0.9, paipu kuukuu ndizo zitakazopasuka.

Sasa termostati. Kwenye Toyota nyingi inafanya kazi mbili: inafungua njia ya radiateri, na papo hapo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye moteri. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi. Sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuiona radiateri. Mjini utaona imepoa, mlimani itachemka vilevile. Ipime: iweke kwenye sufuria ya maji jikoni. Iliyoandikwa 82 (digrii za kuanza kufunguka) inapaswa kuanza kufunguka kabla maji hayajachemka, na yakichemka iwe imefunguka kama milimita 8. Ya 88 haitafunguka hadi mwisho kwenye sufuria ya Bukavu, kwa kuwa maji yanaishia 95, usiitupe kwa sababu hiyo.

Kuhusu maji: ya Ziwa Kivu yana madini mengi, yanaacha magaga meupe ndani ya vipaipu vya radiateri. Weka dawa ya radiateri (coolant) nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Moteri ya lita 2 inabeba takriban lita 6 hadi 8 zote pamoja. Dukani wakikupa "maji ya betri", hakikisha si asidi. Radiateri ukiigusa (feni imezimwa, moteri ya moto) na sehemu moja ni baridi, hapo pameziba. Osha pia vumbi na wadudu kwa nje, maji yakitoka upande wa moteri kwenda mbele, bila presha kubwa.

Ukishajaza, toa hewa. Hapa milima inakusaidia: egesha pua ikitazama juu, jiwe nyuma ya gurudumu, hita kwenye moto, kifuniko wazi tangu moteri ikiwa baridi. Washa, bonyabonya paipu ya juu, ongeza kadiri inavyoshuka, hadi paipu ya chini ipate moto na mapovu yaishe.

Mapovu yasipoisha, au paipu ya juu ikiwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha asubuhi, ni gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya hedi, yaani kichwa cha moteri, na bloku) imeungua, na kifuniko kipya hakitakuokoa. Usishuke tena Uvira na abiria. Hedi ikifunguliwa, dai ipimwe kwa rula nyoofu kama imepinda kabla ya gasketi mpya kuwekwa. Iliyopinda itaichoma hiyo mpya pia.