Usirekodi sauti tu, piga video ya mikono

Mwaka 2009 nilienda kijijini kwetu Bukoba Vijijini na kirekodio cha kuazima, kurekodi wazee wanavyokumbuka kazi ya chuma, najiona mtafiti kabisa. Babu mdogo alikuwa mhunzi, yeye alifua majembe kwa vyuma chakavu lakini baba yake ndo alikuwa anayeyusha chuma kutoka kwenye mawe, kwahiyo nikaanza kumpiga maswali, mwaka gani, watu wangapi, wapi. Akaniangalia tu, akasema kunywa rubisi (pombe ya ndizi) kwanza.

Rubisi ilipopungua kibuyuni akafunguka masaa mawili. Sasa nimerudi Dar nasikiliza, nikafika pale nilipokuwa napataka, bomba la udongo la kupuliza hewa linaingizwaje kwenye tanuru, nasikia: "Unaliweka hivi. Aa, siyo hivyo, hivi!" halafu anacheka. Basi. Mikono ndo ilikuwa inaeleza na mi nina sauti. Alifariki kabla sijarudi.

Kwahiyo piga video, na kamera iangalie mikono, sura ya mzee mnayo tayari kwenye picha za harusi. Na kopi ziwe sehemu mbili, simu inadondoka chooni.

Hilo bomba siyo kitu kidogo jamani. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science mwaka 1978 kwamba huku kwetu watu walitengeneza pua (chuma kigumu chenye kaboni, siyo hii ya kupengea) miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na hoja yao kubwa ilikuwa hapohapo: bomba liliingia ndani ya tanuru, hewa ya mivukuto ikapata moto njiani kabla ya kufika kwenye makaa. Wazee wa Kihaya waliwajengea tanuru kwa kumbukumbu, udongo wa kichuguu, majani ya bwawani yaliyochomwa, mkaa, wakakosea mara kadhaa mpaka 1976 wakapatia. Kumbuka walikuwa hawajayeyusha miaka na miaka maana majembe ya dukani yalishaua kazi. Walikuwa wanakumbuka kwa mikono.

Waulize na wabibi pia. Mi niliwaruka kwa sababu kwenye tanuru wanawake walikuwa na mwiko, nikajua hawana la kusema, kumbe hadithi za mahali wanazijua wao kuliko wazee wa kiume, hasa baada ya UKIMWI kupita na watu Kagera. Pale Katuruka, kijiji chenye Kaiija (mahali patakatifu pa kale pa wahunzi) na kaburi la Mukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe, ni wanakijiji wenyewe walioamua kupafufua, hawakungoja mtu wa wizara.

Halafu yale mavi ya chuma, mabaki ya kuyeyusha, kama mawe meusi mazito yenye vitundu, ukiyakuta shambani usiyabebe kupeleka sebuleni Dar. Yakitoka pale yalipolala hayasemi kitu tena. Piga picha, weka kitu cha kupimia pembeni hata kiberiti, mwambie mwenyekiti wa kitongoji, na kama mtu anataka kuchimba choo hapo muombe asogee hatua kumi.

Mi langu moja nilishalibeba zamani, sijui hata lilikuwa shamba la nani. Liko hapa mlangoni, linazuia mlango usijifunge.