Nundu Zilizokataa Kusimama: Kujifunza Mshono wa Nundu Katika Kroshia

Kwa muda mrefu kazi zangu za kroshia zilikuwa bapa. Nilijua mnyororo, mshono mfupi na mshono mrefu, na kwa hayo matatu nilifuma shali na vitambaa vya meza bila taabu, lakini kila nilipoona blanketi lililojaa vinundu vya mviringo nilidhani kwamba aliyelifuma ana mkono wa aina nyingine. Kumbe mshono wa nundu umejengwa kwa mshono mrefu uleule ambao nilikuwa nikiufuma kila siku. Kilichonichelewesha ni kutoelewa kinachoifanya nundu isimame.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Katika tundu moja unafuma mishono mirefu 5, lakini kila mmoja unauacha kabla ya hatua yake ya mwisho, ili kitanzi chake kimoja kibaki kwenye sindano. Ukifika wa tano utakuwa na vitanzi 6, yaani kile ulichoanza nacho pamoja na vile vitano vilivyobakizwa. Hapo unazungusha uzi na kuupitisha katika vyote kwa mkupuo mmoja. Mishono iliyoanzia tundu moja sasa inaishia kitanzi kimoja, na kwa kuwa imebanwa chini na juu, haina pa kwenda ila kutuna katikati.

Nundu zangu za kwanza hazikutuna. Zililala ubavu, nami nikaamini kwamba nimelegeza uzi, basi nikaukaza zaidi na zaidi mpaka sindano ikawa haipenyi vile vitanzi 6 na vidole vikaniuma. Nilichopata ni vifundo vigumu ambavyo bado vililala. Nilifumua kipande kile mara nyingi kabla ya kugundua kwamba kosa halikuwa katika nundu zenyewe, bali katika majirani zake: baina ya nundu na nundu nilikuwa nikifuma mishono mirefu. Nundu husimama kwa sababu imezungukwa na mishono mifupi, ambayo kimo chake hakiitoshi, kwa hiyo hulazimika kujikunja na kujitokeza. Ukiizungushia mishono yenye urefu sawa na wake, hupata nafasi ya kujinyoosha na kulala.

Kosa la pili lilihusu upande. Nundu ya aina hii hupenda kutunia upande wa pili, mbali na anayefuma, nami nilikuwa nikizifuma uso wa kitambaa ukiwa umenielekea, kisha nikishangaa kwa nini zinajificha mgongoni. Siku hizi nazifuma katika safu za mgongo tu, yaani zile ambazo mgongo wa kitambaa ndio unaonielekea, na safu za uso nazijaza mishono mifupi mitupu. Maana yake ni kwamba unapozifuma huzioni vizuri, jambo linalokera mwanzoni. Mimi huisukuma kila nundu kwa ncha ya kidole mara tu ninapoifunga.

Kwa kipande cha majaribio, anza na mnyororo wa vitanzi 20, upate mishono mifupi 19 katika safu ya kwanza, ambayo ndiyo uso. Katika safu ya pili fuma mishono mifupi 3 na nundu 1, ukirudia hivyo hadi upate nundu 4, kisha umalizie kwa mishono mifupi 3. Safu ya tatu ni mishono mifupi peke yake. Katika safu ya nne anza na mshono mfupi 1, kisha nundu, halafu mishono mifupi 3 kabla ya kila nundu inayofuata, hadi nundu ya tano, na umalizie kwa mshono mfupi 1. Hapo nundu zitapishana na zile za chini. Hesabu mwishoni mwa kila safu, kwani nundu moja, pamoja na unene wake wote, ni mshono mmoja tu. Wako wanaoifunga nundu kwa kitanzi kimoja cha mnyororo. Si vibaya, ila kitanzi hicho kisihesabiwe, la sivyo kitambaa kitapanuka kila safu.

Chagua uzi wa rangi nyepesi na usio na manyoya, kwa sababu katika uzi mweusi vile vitanzi 6 havionekani. Kwa uzi wa unene wa kati, kuacha sindano ya milimita 4 na kuchukua ya milimita 5 kulinipunguzia taabu kuliko mazoezi yoyote. Nunua uzi zaidi ya unavyokadiria, kwa kuwa nundu hula uzi vibaya sana. Unapofuata maelezo ya Kiingereza, tazama kwanza kama yameandikwa kwa istilahi za Marekani au za Uingereza: jina ambalo Wamarekani hulitumia kwa mshono mrefu, Waingereza hulitumia kwa mshono mfupi, na nundu iliyofumwa kwa mishono mifupi ni kidonge tu.

Kazi ikikamilika, usiipige pasi. Mimi nilipiga pasi kipande cha uzi wa akriliki nikitaka kunyoosha kingo, na nundu zote zikalala moja kwa moja, zisiinuke tena hata nilipozilowesha maji. Sasa ninakiloanisha kitambaa, ninakitandaza juu ya taulo nundu zikiangalia juu, ninabana kingo kwa pini na kukiacha kikauke chenyewe.