Kabla ya Kubadilisha Modeli, Lifungue Jedwali la Data

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mwanafunzi wa uzamili ambaye modeli yake ya kitakwimu ya idadi ya ndege imekataa kufikia jibu kwa mwezi mzima. Aliambatisha kurasa nne za msimbo, maonyo yote yaliyotolewa na R, programu ya takwimu, na orodha ndefu ya algorithimu (njia za ukokotoaji) alizokwisha kuzijaribu. Kitu kimoja tu hakukiambatisha, nacho ni data yenyewe. Nilisikitika, kwa maana nami nilipita njia hiyo hiyo na ilinigharimu.

Nilikuwa nikichunguza vyura katika madimbwi 40, kila moja nikilitembelea mara sita, ili nijue iwapo pH ya maji, mwinuko na aina ya ukingo vinahusiana na idadi yao. Kwa kuwa nilikuwa na hesabu za wanyama, nilichagua mgawanyo wa Poisson, unaotumika kwa hesabu za vitu, kisha nikaingiza dimbwi na mhesabu kama athari nasibu, yaani kama sampuli kutoka kundi kubwa zaidi la madimbwi na wahesabu. Onyo likatokea. Nilibadilisha algorithimu, nikaongeza idadi ya marudio ya ukokotoaji, nikabadilisha tena, na wiki tatu baadaye onyo lilipotoweka nilidhani nimeshinda. Nikayawasilisha matokeo mbele ya watafiti wenzangu.

Mtafiti mmoja wa siku nyingi akaniuliza kwa nini kadirio la athari ya ukingo wa saruji lilikuwa karibu na -20, huku kosa sanifu lake, kipimo cha kutokuwa na uhakika, likizidi 1,000. Sikuwa na jibu. Akatamka mbele ya wote kwamba data iliyokusanywa ovyo haistahili kuchambuliwa. Maneno hayo yananiuma hadi leo, kwa sababu data yangu haikuwa ya ovyo. Nilisimama ndani ya maji yale usiku baada ya usiku, na kila namba niliiandika kwa mkono wangu.

Siku iliyofuata nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza: nilihesabu vyura kwa kila aina ya ukingo. Madimbwi ya saruji yalikuwa matano, ziara 30, na hapakupatikana chura hata mmoja. Modeli ya Poisson hukadiria logi (logarithimu) ya wastani, na wastani unapokuwa sifuri logi yake hushuka bila kikomo, hivyo algorithimu ilikuwa ikikimbilia mwisho usiokuwapo, na ile iliyonyamaza ilikuwa imechoka njiani tu. Kumbe kilichoonekana kuwa hitilafu ya ukokotoaji ndicho kilichokuwa ugunduzi mkubwa kuliko yote katika kazi ile! Niliyaeleza madimbwi hayo peke yake, nikayaondoa katika modeli. Ningeweza pia kuyabakiza kwa kutumia mbinu za Bayes, ambazo huunganisha data na matarajio ya awali, na hata matarajio hafifu huzuia kadirio lisitoroke.

Mengine yalifuata haraka. Mwinuko niliuingiza kwa mita pamoja na kipeo chake cha pili, na mita 1,800 kwa kipeo cha pili ni 3,240,000, ilhali pH yangu ilikuwa kati ya 5 na 8. Namba zinazopishana kiasi hicho huivuruga programu, kwa hiyo toa wastani katika kila kigeu kisha ugawanye kwa mkengeuko sanifu wake. Wahesabu walikuwa wawili tu, na variansi, yaani kiasi cha kutawanyika kwa namba, haikadiriki vema kwa watu wawili, hivyo nikawahamishia kwenye athari zisizo nasibu, ambapo tofauti kati yao hukadiriwa moja kwa moja.

Hata hapo modeli ilifikia jibu bila kulingana na data. Poisson hudai kwamba variansi iwe sawa na wastani, lakini vyura hukusanyika wakati wa kuzaliana, ambapo dimbwi moja huwa na mamia na jirani yake likawa tupu. Binomiali hasi, mgawanyo unaoruhusu variansi izidi wastani, ilikidhi haja. Usikimbilie modeli ya sifuri zilizozidi, inayodhani kwamba baadhi ya sifuri zina chanzo chake cha pekee, kwa kuwa tu umeona sifuri nyingi, maana binomiali hasi yenyewe huzalisha sifuri nyingi wastani unapokuwa mdogo.

Ndugu msomaji, ukiwa umelala msituni ili upate namba hizo, usiziache mikononi mwa algorithimu usiyoielewa. Zichore, zihesabu kwa kila kundi, uziangalie kabla hujagusa msimbo. Onyo la programu ni swali juu ya data yako, na kulinyamazisha bila kulijibu ni kujidanganya.

Mwanafunzi yule nimemwomba anitumie jedwali la idadi ya ndege kwa kila aina ya makazi, pamoja na dakika alizotumia kuhesabu katika kila kituo, kwa kuwa katika msimbo wake wote sikuona mahali ambapo muda huo umeingizwa.