Kimelea mzuri ndo nani?

Swali: "Nimesoma habari ya mwanasayansi anayechunguza kingamwili na vimelea wazuri wa tumboni. Kingamwili ndo ile ile kinga ya mwili?"

Hapana. Kinga ya mwili ni ulinzi wote kwa jumla, kuanzia ngozi mpaka seli nyeupe za damu. Kingamwili ni protini inayomnasa mvamizi fulani, na zikiwa nyingi ni kingamwili hizi, sio "makingamwili" jamani. Hilo limeisha.

Sasa hao "vimelea wazuri", maana ndo walioniharibia siku. Kimelea kimetoka kwenye mea, melea, yaani kuota juu ya mwingine, anakula kwako na hakuachii kitu. Vimelea vya malaria sawa kabisa, wamelistahili jina. Ila bakteria wa utumbo mpana anakuvunjia nyuzinyuzi ambazo wewe mwenyewe huziwezi, mwingine anakutengenezea vitamini K, alafu mtu anakaa chini anamwandika kimelea, na akishtuka kwamba kamtukana anambandikia "mzuri" pale mbele kama plasta! Kimelea mzuri ni sawa na mwizi mwaminifu. Na hawa sio wageni wawili watatu, makadirio ya 2016 yanasema bakteria mwilini ni kama trilioni 38 na seli zetu wenyewe trilioni 30, sasa hapo nani kamwotea nani?

Kinachochekesha ni kwamba habari yenyewe inamkana mwandishi wake. Kingamwili ya utumbo, IgA, ambayo mwili unaitoa kwa siku kuliko kingamwili nyingine zote ukizijumlisha, mara nyingi haiui hawa bakteria, inawavika tu na kuwabakiza kwenye ute wasifike kwenye ukuta wa utumbo. Kwenye panya imeonekana hata inamsaidia Bacteroides fragilis, mmoja wa bakteria hao wa utumbo, kuweka makazi. Yani mlinzi anamwonyesha chumba, mwandishi bado anamwita kimelea, eti kwa sababu "vimelea vya magonjwa" tumeshazoea basi kila kisichoonekana kwa macho kiingie humo.

Andika bakteria wa utumbo, neno lipo na kila mtu analijua. Ukitaka kuwachanganya na fangasi na virusi wanaoishi humo humo, andika mikrobiomu, najua linajaza mdomo lakini halimsingizii mtu. "Vijidudu" nitavumilia, nimeshachoka kupigana nalo, japo mdudu ninayemjua mimi ana miguu. "Vimelea wazuri" nafuta, na "vimelea rafiki" pia nafuta kabla hujaniuliza.