Unataka kuanzisha podikasti? Maiki acha kwanza

Kila anayenifuata inbox swali ni lilelile, kaka ninunue maiki gani. Mi huwa namrudishia swali: nani atakusikiliza, na muda huo atakuwa wapi? Wengine wanaona kama nawazungusha ila ukishalijibu hilo mengi yanajipanga yenyewe, urefu wa kipindi, uzito wa faili, mpaka namna utakavyoongea.

Chukulia msikilizaji wa hapahapa Dodoma. Katoka kazini Mtumba, yuko kwenye daladala, iafoni moja sikioni na nyingine inaning'inia maana konda asije akampitiliza kituo, na bando lenyewe la wiki limebaki kiduchu. Huyo umuanzishie dakika tano za "karibuni sana wapenzi wasikilizaji, leo tumewaandalia kipindi kizuri" unadhani atakusubiri? Anza na jambo lenyewe, salamu fupi, jina lako na la kipindi, twende kazi. Na dakika 15 au 20 zinatosha kabisa kwa anayeanza, saa nzima waachie wenye majina.

Halafu hilo bando lake lifanyie hesabu. MP3 ya kbps 128 (hiyo kbps ni kiasi cha data kinachotumika kila sekunde ya sauti) inakula karibu MB 1 kwa kila dakika, kwa hiyo nusu saa ni kama MB 29 hivi. Ukiitoa kwa mono, yaani sauti ya njia moja badala ya mbili za stereo, kbps 64, inashuka nusu yake, na kwa maongezi matupu wasikilizaji wengi hawatajua kama umepunguza kitu. Stereo ni ya watu wa muziki.

Sasa chumba. Hapa ndo pesa za watu zinapotelea, mtu ananunua maiki ya laki kadhaa anaenda kurekodia sebuleni, nyumba zetu hizi mpya za Ilazo na Kisasa zina tailizi chini, jipsamu juu, madirisha makubwa ya alminiamu, zinapendeza kweli lakini ukiongea sauti inagonga ukuta inarudi na maiki inazibeba zote mbili. Na huo mwangwi ukishaingia, kuutoa vizuri kwa programu ni kazi ngumu. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali, ukisikia mlio umebaki unalia baada ya kofi, hamia chumba kingine. Mi narekodia chumbani kwa kulala, kabati la nguo nimelifungua mbele yangu, godoro nimelisimamisha nyuma, blanketi zito dirishani. Nikitoka hapo jasho linatiririka lakini sauti imetulia. Na ni alfajiri, kwa sababu kiangazi upepo wa Dodoma ukishaamka unapiga mabati mchana kutwa, bado hujaweka bodaboda na jirani anayechomelea mageti.

Chumba kikitulia, simu yako inatosha kuanzia. Washa ile alama ya kindege isije ikaita katikati, iweke kama shubiri moja kutoka mdomoni, na iwe pembeni kidogo, sio mbele kabisa, maana herufi P na B zinatoa pumzi inayopiga maiki puu. Kabla hujaanza kuongea kaa kimya sekunde 10 hivi huku inarekodi, hizo zina kazi: ukifungua Audacity (programu ya bure ya kuhariri sauti kwenye kompyuta) unaionyesha kile kimya, inajifunza muungurumo wa chumba chako halafu inaupunguza kwenye rekodi nzima. Usiivute sana tu, utaanza kusikika kama uko ndani ya pipa. Siku ukiwa na hela ya maiki na chumba bado ni cha kuungaunga, chukua ya dainamiki, inashika kilicho karibu nayo, ile ya kondensa itakuletea mpaka jogoo wa mtaa wa pili.

Kwa wenye biashara naongea tofauti kidogo. Kuna mama mmoja ana duka la pembejeo, alikuja na karatasi imejaa historia ya duka, lini lilifunguliwa, malengo, dira. Nikamwambia mama yangu, hii weka, niambie wateja wanakuuliza nini pale kaunta. Akaanza kucheka: mbegu ya alizeti niliyobakiza msimu uliopita bado itaota? Hii dawa naweza kuchanganya na ile kwenye bomba moja? Mbolea ikishalowa ndo basi? Hizo ndo episodi zake, swali moja kipindi kimoja, dakika nane, na duka analitaja mara moja tu mwishoni. Ukigeuza podikasti iwe tangazo refu watu watakukimbia, matangazo wanayo ya kutosha redioni na bure.

Kuiweka hewani sio kazi ngumu kama watu wanavyotishana. Faili lako linakaa sehemu moja, kwa mfano Spotify for Creators ambayo hulipii, pale unapewa mlisho wa RSS, yaani kiungo kinachobeba orodha ya vipindi vyako, na huo mlisho ndo unaupeleka Apple Podcasts na kwingine mara moja tu, baada ya hapo kila ukipandisha kipya wanakiona wenyewe. Google Podcasts ilifungwa 2024 na wenye milisho yao waliendelea kama kawaida kwingine, kwa hiyo huo mlisho ushike vizuri, uwe kwa barua pepe yako, sio ya kijana aliyekutengenezea. Picha ya jalada iwe mraba, piseli 3000 kwa 3000, na maandishi yasomeke ikiwa ndogo kama ukucha. Na klipu ya dakika moja tupia status ya WhatsApp, wateja wa yule mama wengi hiyo Spotify hawajawahi kuifungua.

Wimbo wa bongofleva mwanzoni usiweke bila ruhusa, ile "sekunde chache hazina shida" ni maneno ya vijiweni, kuna sheria ya hakimiliki na COSOTA wanaoisimamia wapo. Tanzania pia kuna kanuni za maudhui mtandaoni za 2020 ambazo zilirekebishwa tena baadaye, pita TCRA (mamlaka ya mawasiliano) uulize kama kipindi chako kinahitaji leseni kabla hujaanza kuchukua wadhamini.

Namba za wasikilizaji zisikuchanganye miezi ya mwanzo. Yule mama aliweka daftari kaunta, kila mteja mgeni anaulizwa umetusikia wapi, anaandika. Fanya hivyohivyo, utajua kipindi kinaleta watu au hakileti.