Kufuatilia habari za Burundi: anza na redio

Ndugu zangu walio ughaibuni huniuliza wasome gazeti gani ili wajue mambo ya nyumbani. Huwa nawaambia waanze na redio. Magazeti yetu ni machache, na Mrundi wa kijijini hupata habari kwa Kirundi kutoka redioni, hata akiwa shambani. Le Renouveau ni gazeti la serikali na ni la Kifaransa. Ubumwe, la serikali pia, ni la Kirundi. Iwacu ni la binafsi, na kwangu halina mfano kwa habari za uchunguzi.

Mimi husikiliza habari moja mara mbili: kwanza RTNB, redio ya taifa, kisha Isanganiro au Bonesha, redio za binafsi. RTNB usiidharau, kwa sababu uteuzi na maagizo ya serikali utayapata huko. Lakini mafuta ya gari yakiadimika, angalia nani amesoma tangazo la wizara tu na nani amekwenda kituoni kuzungumza na madereva waliolala kwenye foleni. Hapo utajua ni chombo gani kinakutumikia wewe msikilizaji.

Jambo ninalowasihi zaidi ni hili: habari ikiandikwa kwa tahadhari, msikimbilie kusema mwandishi amenunuliwa. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio kadhaa zilishambuliwa na kuharibiwa, RPA, Bonesha na Isanganiro zikiwemo. Isanganiro ilirudi hewani 2016, Bonesha ikangoja hadi 2021. Jean Bigirimana wa Iwacu alitoweka Julai 2016. Wenzake wanne walikamatwa Oktoba 2019 wakienda kuripoti mapigano Bubanza, wakatoka gerezani Desemba 2020 kwa msamaha wa rais. Anayeandika leo anayajua yote hayo, na bado anakwenda kazini. Kwa hiyo soma taratibu: tazama nani ametajwa, nani amekataa kujibu, swali gani limeachwa wazi. Mara nyingi mwandishi amekuonyesha mlango bila kuufungua.

Sauti za WhatsApp ndizo zinazonitia hofu. Ukitumiwa rekodi isiyo na jina la redio wala tarehe, itafute kwanza kwenye ukurasa wa kituo chenyewe. Usipoiona, iishie kwako, usiitume kwa wengine, hata kama aliyekutumia ni mjomba.